Aliyetengeneza Nambari ya Gari Lako Ametoka Kamiti

ZUHURA: Assalaam aleikum wasikilizaji, na wale wa hamjambo, hamjambo. Mimi ni Zuhura.

KAZUNGU: Na mimi Kazungu. Leo dada kaniambia nisije na utani mwingi.

ZUHURA: Utani njoo nao tu, lakini nijibu kwanza. Kile kibao cha nambari kwenye gari lako, kimetoka wapi?

KAZUNGU: NTSA, mamlaka ya usafiri, wapi tena? Nimelipia.

ZUHURA: Wewe umelipia NTSA. Aliyekikata na kukipiga chapa ni mfungwa wa jela ya Kamiti, na ni kazi yao ya miaka mingi. Gari la mbunge, la hakimu aliyemhukumu, matatu za Mtwapa, vibao vimepita mikononi mwa wafungwa.

KAZUNGU: Nilikuwa nalijua hilo nusunusu.

ZUHURA: Haya, sasa mtu huyo amemaliza kifungo, yuko nje. Anakwenda kuomba kazi kwenye karakana ya vyuma, anaambiwa alete cheti cha tabia njema.

KAZUNGU: Ndipo mambo yanapoharibika.

ZUHURA: Ndiyo mada yetu. Na nitasema mapema ninakosimama, nisije nikalaumiwa kwamba nilijificha. Watu wengi wanadhani shida ya aliyetoka jela ni kwamba hajui kazi. Kwa niliyoyaona mimi, wengi wanatoka na ufundi. Kinachowazuia ni mlango.

KAZUNGU: Usiende mbio. Ufundi gani? Maana tukisikia jela, wengine tunafikiri ni kuponda mawe na zile nguo za milia.

ZUHURA: Kunguru! Ndivyo nguo hizo zilivyoitwa, na hizo zilikuwa zamani. Mzee Moody Awori aliposhika wizara ya mambo ya ndani 2003 ndipo mambo yakaanza kubadilika, yakaingia magodoro, televisheni, sare nyingine. Lakini karakana zilikuwepo tangu hapo. Jela ya Shimo la Tewa, hapa Shanzu tu, kuna useremala, kuna ushonaji. Na mfungwa anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu, ya pili, mpaka ya kwanza. Ni mtihani uleule anaofanya kijana wa nje.

KAZUNGU: Kwa hivyo serikali inampa cheti cha ufundi.

ZUHURA: Kwa mkono wa kulia. Halafu kwa wa kushoto inampa kile cha tabia njema, cha DCI, idara ya upelelezi, kilichoandikwa kwamba aliwahi kupatikana na hatia. Na anakilipia mwenyewe, elfu moja na hamsini.

KAZUNGU: Anachukuliwa alama za vidole, anangoja, kisha anasomewa kesi yake upya.

ZUHURA: Sasa hesabu kazi zinazotaka karatasi hiyo. Ulinzi, inatakiwa. Udereva wa matatu, inatakiwa. Dada anayetaka kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, inatakiwa. Hizo ndizo kazi ambazo mtu wa mtaa wetu anazikimbilia kwanza.

KAZUNGU: Na ubunge?

ZUHURA: Wewe!

KAZUNGU: Nauliza tu. Ibara ya 99 ya Katiba inasema mtu aliyehukumiwa hazuiliwi kugombea mpaka njia zote za rufaa ziishe. Mheshimiwa anaweza kuwa na hukumu mfukoni na bado yuko jukwaani anaomba kura. Yule mwenye kosa la kuku hapati hata rungu la kulinda lango.

ZUHURA: Haya, umeshautoa utani wako. Sasa nikupeleke Mshomoroni. Kaka yangu ana karakana ya mbao huko. Alikuja mtu mzima mmoja, ametoka ndani, na cheti chake cha NITA kimekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni. Kaka akamuuliza mzee wa mtaa, mzee akasema namjua mamake, mchukue. Akamchukua.

KAZUNGU: Na kitu kikapotea.

ZUHURA: Hakuna kilichopotea! Kila mtu akisikia kisa hiki anangoja kitu kipotee. Taabu ilikuwa kwingine kabisa. Kwanza, kaka akiingia karakanani yule bwana anachuchumaa.

KAZUNGU: Anachuchumaa?

ZUHURA: Ndani wanahesabiwa wakiwa wamechuchumaa. Mwili umezoea. Mkubwa akipita, magoti yanakunjika yenyewe. Vijana pale wakaanza kucheka, kaka akawakemea. Pili, hafanyi kitu mpaka aambiwe. Ukimwambia randa ubao huu, anauranda vizuri kuliko wote, ukiisha anasimama pembeni anangoja. Hata kwenda chooni anaomba ruhusa.

KAZUNGU: Lo.

ZUHURA: Na la tatu ni haraka. Jela kabati linatengenezwa mpaka litengenezeke. Mombasa mteja anataka kitanda Alhamisi, arusi ni Ijumaa, na kitanda chenyewe ni cha maharusi! Yule bwana mkono wake ulikuwa safi lakini wa polepole, na mashine mpya za kuranda hakuwa amezizoea. Kwa hivyo ninaposema wana ufundi, sisemi wanatoka wamekamilika. Wanahitaji mtu awavumilie miezi ya mwanzo, na wenye karakana wengi hawana mtaji wa kumvumilia mtu.

KAZUNGU: Kaka yako alimlipaje? Maana hapo kuna jambo.

ZUHURA: Umegusa penyewe. Alitaka kumtumia kwa M-Pesa kama wengine. Laini ya simu ilikufa zamani. Kusajili laini mpya kunataka kitambulisho, na kitambulisho kilipotelea huko alikoshikwa. Kupata kingine aende polisi akaandikishe kwamba kimepotea.

KAZUNGU: Mtu aliyetoka jela jana umtume kituo cha polisi.

ZUHURA: Alikuwa anaondoka asubuhi kwenda, anarudi hajafika. Mwishowe kaka alimsindikiza. Mimi naona hapa ndipo serikali ingeweza kufanya jambo rahisi kabisa. Siku ya kutoka inajulikana. Msamaha wa theluthi moja upo kwenye sheria ya magereza, kwa hivyo aliyefungwa miaka mitatu na akatulia, wanajua kabisa kwamba atatoka wa pili ukiisha. Kwa nini kitambulisho kisishughulikiwe kabla ya siku hiyo?

KAZUNGU: Na pa kulala je? Maana wengi wanarudi kwa dada au kwa shangazi. Na unajua Waswahili wanavyosema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu jembe analitaka mwenyewe, ila hana.

ZUHURA: Seremala bila randa, bila msumeno, bila patasi, anakuwa kibarua wa kubeba mbao za seremala mwingine. Mashirika ya dini na vikundi kadhaa hupeleka vifaa, cherehani kwa fundi nguo, mashine kwa kinyozi. Naunga mkono, ila nina neno moja. Kifaa apewe pale anapofanyia kazi, kwa mwenye karakana, kwa kukopeshwa. Ukimpa cherehani siku ya kutoka, na nyumbani wana njaa, mwezi haumaliziki limeshauzwa. Na simlaumu.

KAZUNGU: Sasa niruhusu nipinge kidogo, maana nimekaa hapa natikisa kichwa tu.

ZUHURA: Pinga.

KAZUNGU: Mimi ni mtu wa Kilifi ndani. Kule kwetu mtu akifungwa kwa kuiba mbuzi, watu wote wanamzungumzia yeye. Kafungwa, katoka, apewe vifaa, apewe kazi. Na aliyeibiwa? Yupo palepale, mbuzi hana. Anamwona jirani amerudi na cheti na begi la vifaa kutoka kwa wafadhili. Wewe ungekuwa yeye ungefurahi?

ZUHURA: Nisingefurahi.

KAZUNGU: Basi. Ndiyo maana nasema kumrudisha mtu kijijini si kazi ya kufundisha ufundi peke yake. Wazee wakae. Yule aliyeibiwa asikilizwe, tena kabla ya mtu kutoka, si baada. Kuna kitu maafisa wa probesheni, wale wanaowasimamia waliohukumiwa wakiwa nje ya jela, wanafanya, nacho ni kizuri. Mfungwa wa muda mrefu anapofikiriwa msamaha wa rais, afisa anatumwa nyumbani kwao. Anazungumza na familia, na chifu, na walioathirika. Anaandika kama jamii iko tayari kumpokea.

ZUHURA: Na wakisema hawako tayari?

KAZUNGU: Inaandikwa hivyohivyo. Lakini hiyo ni kwa wachache. Mtu wa miezi minane ya wizi mdogo, huyo hakuna anayemtangulia nyumbani. Anashuka tu kwenye matatu, na kijiji kinamwona ghafla. Halafu kukipotea kuku wiki ileile, unajua watakwenda nyumba gani.

ZUHURA: Hapo nakubali mia kwa mia. Na kwa hao wa miezi minane mimi nauliza, kwa nini waliingia? Tuna sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998. Kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu hakimu anaweza kumpa mtu kazi ya umma bila malipo, analala kwake, watoto wanakula, kibanda hakifungwi. Huyo hutahitaji kumrudisha katika jamii maana hajaondoka.

KAZUNGU: Lakini tunawacheka! Ukipita kwa chifu ukaona mtu anafyeka nyasi unajua ana kesi, na unampigia kelele.

ZUHURA: Wacha wacheke. Bora kuchekwa Jumatatu ukarudi kwako jioni.

KAZUNGU: Wanawake je? Hatujawagusa.

ZUHURA: Wallahi hapo ndipo panaponiuma. Nenda jela ya wanaume siku ya kutembelea, utaona foleni ya wake, mama na dada, na vyakula. Nenda ya wanawake uone nani yuko foleni. Mwanamke akifungwa, mume anaoa, watoto wanagawanywa kwa nyanya na mashangazi. Wengine wanaingia na mtoto mchanga, sheria inaruhusu akae na mamake mpaka miaka minne. Teresa Njoroge alikuwa mfanyakazi wa benki, akaingia jela ya wanawake ya Langata na mtoto wa miezi michache. Alipotoka akaanzisha shirika la Clean Start, linalowashika mkono wanawake wanaotoka. Hebu fikiria, huyo alikuwa na elimu na watu wa kuwapigia simu.

KAZUNGU: Kwa wanaume nikumbushe Peter Ouko. Alihukumiwa kunyongwa. Mwaka 2009 Rais Kibaki alibadilisha hukumu za zaidi ya watu 4,000, kutoka kunyongwa hadi maisha. Ouko akasoma sheria akiwa Kamiti, diploma ya Chuo Kikuu cha London, akatoka kwa msamaha wa rais 2016. Sasa anazungumza na vijana wasiingie kwenye uhalifu.

ZUHURA: Nawapenda hao wote wawili, lakini naogopa tukiwataja sana. Mwajiri anaanza kumtaka kila aliyetoka awe na hotuba. Yule bwana wa Mshomoroni hana hotuba yoyote. Anataka kuranda mbao na kulipwa Jumamosi.

KAZUNGU: Turudi kwenye cheti. Ungekuwa wewe bungeni ungefanyaje?

ZUHURA: Uingereza wana sheria tangu 1974. Ukimaliza adhabu na ukapita muda fulani bila kosa jingine, hatia ile inahesabiwa imekwisha, kwa kazi nyingi huna haja ya kuitaja. Baadhi ya makosa mazito hayamo, na kazi za watoto zina masharti yake. Mimi ningeanza na hiyo.

KAZUNGU: Mimi nina watoto madrasa. Mwalimu wao nataka kumjua yote, tangu azaliwe.

ZUHURA: Ndiyo nimekwambia kazi za watoto zina masharti yake! Sijasema tufiche kila kitu. Nasema swali liwe kosa gani, lini, na kwa kazi gani. Aliyeshikwa na bangi akiwa na miaka kumi na tisa, sasa ana thelathini na tano, anataka kuchomelea madirisha. Cheti kinakusaidia nini?

KAZUNGU: Kwa hilo sina jibu. Lakini kaka yako, aliwaambia wale vijana wengine kwamba mwenzao ametoka ndani?

ZUHURA: Hakuwaambia. Wakajua wenyewe, kwa kule kuchuchumaa. Na akasema kama angeanza tena, angemuuliza mwenyewe kwanza: unataka wajue au hutaki? Maana ni habari yake, si ya mwenye karakana.

KAZUNGU: Na bado yuko?

ZUHURA: Yuko. Makabati ya jikoni siku hizi ni yake. Bado ni polepole, kaka anamlalamikia kila wiki. Na wewe na lile duka lako la Majengo? Ungemchukua mtu?

KAZUNGU: Kupeleka mikate kwa wateja, ningemchukua.

ZUHURA: Na droo ya pesa?

KAZUNGU: Dada, droo ya pesa hata mdogo wangu sijampa.

ZUHURA: Baada ya mwaka?

KAZUNGU: Baada ya mwaka niulize tena. Sitaki kudanganya kwenye maikrofoni.

ZUHURA: Nimekuandika. Wasikilizaji, kama una karakana, saluni au mkahawa na uko tayari kumjaribu mtu, pita ofisi ya probesheni ya kaunti ndogo yako. Usiende na ahadi kubwa, nenda na nafasi moja na mshahara unaoweza kuulipa. Na kama wewe mwenyewe umetoka na una neno la kutusahihisha, tutumie sauti, jina si lazima.

KAZUNGU: Wiki ijayo tuna bei ya samaki Kongowea, na huko utani nitakuja nao wote.