Ujenzi Upya: Miaka 12 Tunayoiruka katika Historia ya Marekani

Walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliofika jioni hii, ahsanteni sana.

Mwulize mwanafunzi wa sekondari kuhusu historia ya Wamarekani weusi. Atakutajia utumwa, atamtaja Abraham Lincoln, kisha ataruka hadi kwa Rosa Parks na Martin Luther King. Lincoln aliuawa Aprili 1865. Rosa Parks alikataa kupisha kiti cha basi Desemba 1955. Miaka 90 imemezwa hapo katikati. Leo naomba tukae na ile 12 ya mwanzo, 1865 hadi 1877, inayoitwa Ujenzi Upya. Kwangu mimi, asiyeijua hiyo hawezi kuielewa Marekani ya sasa. Na badala ya kuwasomea orodha ya majina na istilahi, nitamfuata mtu mmoja aliyeyapitia yote: Robert Smalls.

Smalls alizaliwa mtumwa mwaka 1839, mjini Beaufort, South Carolina. Akiwa bado mtoto alipelekwa Charleston kutafuta kibarua, na ujira wake ukawa unaishia mikononi mwa bwana wake. Bandarini ndiko alikojifunza bahari. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, alijikuta anashika usukani wa Planter, meli ya mvuke iliyobeba silaha za waasi wa Kusini. Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, maofisa Wazungu walishuka kwenda kulala mjini. Smalls na mabaharia wenzake, watumwa kama yeye, wakang'oa nanga, wakawapitia wake zao na watoto. Akavaa kofia ya nahodha. Walipofika mbele ya ngome ya Fort Sumter akapiga king'ora kwa ishara inayotakiwa, na askari wakawaruhusu kupita. Mizinga ilipobaki mbali nyuma yao, walishusha bendera ya waasi, wakapandisha shuka jeupe, wakaikabidhi meli kwa jeshi la wanamaji la Muungano, yaani upande wa serikali ya Lincoln.

Sasa tazameni tarehe. Tangazo la Ukombozi la Lincoln lilianza kutumika Januari 1, 1863, na lilihusu maeneo yaliyokuwa bado mikononi mwa waasi tu. Kentucky na Maryland, zilizobaki ndani ya Muungano, ziliendelea na utumwa wao. Smalls alikuwa amekwisha kujikomboa miezi saba kabla. Weusi wapatao 180,000 waliingia jeshi la Muungano, na yeye ni mmoja wa waliofika Washington kushinikiza waandikishwe. Kwa hiyo, mwalimu anayefundisha kwamba Lincoln aliwakomboa watumwa, akaishia hapo, amewanyima wanafunzi wake nusu ya habari.

Vita vilipokwisha yakaja Marekebisho matatu ya Katiba. La 13, mwaka 1865, lilifuta utumwa, isipokuwa kama adhabu ya mhalifu aliyehukumiwa. Shikeni hiyo "isipokuwa". Majimbo ya Kusini yalitunga haraka sheria zilizoitwa Kanuni za Weusi: mtu mweusi akikutwa hana mkataba wa kazi anakamatwa kwa uzururaji, anatozwa faini, na akishindwa kulipa anakodishwa kwa mwenye shamba. La 14, mwaka 1868, liliwapa uraia na haki ya kulindwa sawa na sheria. La 15, mwaka 1870, lilikataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake.

Lakini ardhi je? Hapa ndipo naumia zaidi. Januari 1865 Jenerali William Sherman alitoa Amri Namba 15, akaitenga pwani ya kusini ya Charleston, nyumbani kwa akina Smalls, ili kila familia iliyotoka utumwani ipate hadi ekari 40. Watu wakapanda. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson aliyemrithi Lincoln akaamuru mashamba yarudishwe kwa mabwana wa zamani. Waliobaki bila ardhi wakalima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, wakikopa mbegu na chakula dukani kwa mwenye shamba, na msimu ukiisha bado wanadaiwa. Uhuru ulikuwa kwenye Katiba, ardhi ikabaki kwa wale wale.

Hata hivyo walijenga. Mwaka 1868 Smalls alikaa katika mkutano ulioandika katiba mpya ya South Carolina, na katiba hiyo ikaagiza shule za umma kwa watoto wote. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Nyumba ya bwana wake wa zamani ilipouzwa kwa kodi isiyolipwa, aliinunua. Mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa seneta wa kwanza mweusi, na Joseph Rainey wa South Carolina akaingia Baraza la Wawakilishi. Smalls alimfuata mwaka 1875.

Yote hayo yalibomolewa kwa bunduki kwanza, kalamu baadaye. Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu, waliua wapiga kura na viongozi. Baada ya uchaguzi wa 1876 uliogombaniwa, Rutherford Hayes alipata urais, na mwaka 1877 askari wa serikali kuu waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za Ujenzi Upya wakarudishwa kambini.

Mwaka 1895 South Carolina iliitisha mkutano mwingine wa katiba, safari hii kuwaondoa weusi kwenye daftari la wapiga kura bila kuitaja rangi: kodi ya kichwa, kipimo cha mali, na mtihani wa kusoma Katiba au kuieleza, mwamuzi akiwa msajili Mzungu. Smalls alikuwemo, mmoja wa wajumbe weusi sita. Akawaambia kwamba watu wake hawahitaji utetezi maalumu, wanahitaji nafasi iliyo sawa tu katika mapambano ya maisha. Ikapigwa kura, upande wake ukashindwa. Akakataa kuitia saini katiba hiyo.

Alifariki mwaka 1915. Kuanzia 1901 hadi 1929 hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja katika Bunge la Marekani, na sheria yenye meno ya kulilinda Rekebisho la 15 ilipatikana mwaka 1965.

Karibuni kwa maswali.