Ile 4% kwenye kibao cha transfoma

Habari zenu, mafundi wenzangu. Leo hatupandi nguzo. Chukua kalamu na kikokotoo, kisha sitisha video usome kibao hiki: kVA 315 (ukubwa wa transfoma), volti 11,000 kwa 400, impidansi (uzuiaji wa mkondo ndani ya transfoma) 4%. Wengi wetu tunanakili kVA, ile 4% tunaipita kama hatukuiona.

Anza na mkondo wa mzigo kamili. Chukua 315,000, gawa kwa 1.732 (kipeo cha pili cha 3, kwa sababu ni fezi tatu), gawa tena kwa 400: ampia 455 upande wa LT, yaani wa volti ndogo. Kwa HT, yaani upande wa volti kubwa, weka 11,000 badala ya 400, upate 16.5.

Sasa fikiria tuko karakana, transfoma imeshushwa. Unga nyaya zote za LT pamoja, halafu pandisha volti za HT taratibu kuanzia sifuri. Zikifika 440 tu, zile ampia 16.5 tayari zinapita. 440 ni 4% ya 11,000. Ndiyo siri yote ya ile namba! (Transfoma iliyo kwenye laini usiiguse, nakuomba.)

Ikiwa volti 440 zinaleta mzigo kamili, volti zote 11,000 zitaleta mara 25. Kwa hiyo shoti kwenye vituo vya LT ni 455 mara 25, karibu ampia 11,400. Breka yenye uwezo wa kukata kA 10 (ampia 10,000) tu hapo inaweza kupasuka.

Andika 4% kama 0.04, hiyo ndiyo pa-yuniti, yaani sehemu ya ukubwa wa transfoma yenyewe. Ukiigeuza kuwa omu, LT inakupa 0.0203 na HT inakupa 15.4, tofauti ya mara 756, ilhali 0.04 haibadiliki pande zote mbili. Huhamishi omu, huchanganyikiwi.

Mtego uko hapa. Tuseme kituoni kuna transfoma ya MVA 15 (kVA 15,000) yenye 10%, nayo ndiyo inayolisha yetu. Usijumlishe 0.10 na 0.04! Kila moja imepimwa kwa ukubwa wake. Ilete yetu kwenye msingi wa MVA 15: 0.04 mara 15, gawa kwa 0.315, ni 1.905. Ongeza 0.10, unapata 2.005.

Mkondo wa msingi wa MVA 15 kwa volti 400 ni ampia 21,650. Gawa kwa 2.005: 10,800. Unaona? Lile dude zima la kituoni limepunguza ampia 600 tu, na breka yetu ya kA 10 bado haitoshi.