Anza na Salio: Mazungumzo na Wachuuzi wa Kibuye, Kisumu

Hamjambo akina mama, hamjambo wazee. Asanteni kwa kuacha vibanda kwa saa nzima. Najua kila dakika hapa Kibuye ni mteja.

Kila nikija nasikia, "Mimi sikusoma." Mama anayesema hivyo ana daftari la madeni mfukoni mwa aproni, na humo ameandika nani alichukua gorogoro mbili za mahindi akaahidi kulipa Ijumaa. Huyo anasoma! Kinachomtia hasara ni kutojua jicho lianzie wapi, karatasi au ujumbe unapomjia kwa haraka.

Chukueni M-Pesa, tuliyo nayo tangu 2007. Umemfungia mteja omena ya shilingi 850, simu inalia, unaona 850 na jina, unamkabidhi mzigo. Nakuomba uanzie mwisho, kwenye salio. Kama ulikuwa na 1,240, sasa lazima liwe 2,090. Tapeli ataiga kila neno la ujumbe ule, lakini hajui ulikuwa na shilingi ngapi. Kisha tazama juu: umetumwa na MPESA au na nambari ya mtu? Mwenye deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kwako hesabu itapinda, maana pesa hukatwa zikiingia tu. Wewe fungua menyu uulize salio mwenyewe. Mteja akinung'unika, mwache anung'unike. Omena bado iko mkononi mwako.

Tarehe za pakiti ni rahisi: hapa kwetu siku hutangulia, mwezi hufuata, na herufi za kutafuta ni EXP, yaani mwisho wa kutumika. Zitafute kabla hujamlipa wa jumla.

Kwenye mkopo nitakaa zaidi, kwa sababu hapo niliumia. Nikiuza mitumba, nilitia sahihi karatasi za mkopeshaji mmoja kwa kuambiwa "asilimia mbili tu kwa mwezi". Sikuuliza, asilimia mbili ya nini? Tuseme umekopa 10,000 kwa miezi 12. Riba ikihesabiwa juu ya 10,000 ileile hadi mwezi wa mwisho, utalipa riba ya 2,400. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki kila mwezi, ni kama 1,350. Asilimia ni ileile, na zaidi ya elfu moja imekutoka. Kwenye karatasi ya kwanza kumeandikwa flat rate, ya pili reducing balance. Yakariri maneno hayo kama unavyolijua jina la mwanao. Ukiharakishwa utie sahihi kabla hujayaona, nenda na karatasi nyumbani, mtoto wa sekondari akusomee kwa sauti, nawe umsimamishe penye kila nambari.

Haya, toeni simu. Fungueni ujumbe wa mwisho wa pesa mlizopokea. Mama wa nyanya pale nyuma, tuanze nawe. Jina liache, kiasi kiache. Nisomee salio.