Kabla hujakunja manila, iulize inakubali wapi

Karibuni jamani, sogeeni huku mbele maana leo tunashika vitu, hatuangalii tu. Kila mtu achukue kipande cha manila hapo mezani. Msikunje bado! Kishikeni huku na huku mkipinde taratibu bila kukivunja, alafu mkigeuze mpinde upande wa pili. Mmeona eeh? Upande mmoja kinakubali, mwingine kinabisha. Hiyo ndo habari niliyokuja nayo, mengine yote ya kadi na maboksi yanafuata hapo.

Karatasi ina nyuzi. Inapotengenezwa kiwandani nyuzi nyingi zinalala kufuata mwendo wa mashine, kwahiyo ukikunja kuzifuata mkunjo unatoka safi, ukizikatisha karatasi inapasuka mgongoni. Mi hili nilikuwa silijui. Mwaka wangu wa kwanza nikachukua oda ya kadi 60 za sendofu, manila ile ya rangi juu nyeupe ndani, nikawa nakunja A4 nzima katikati, na kila kadi ikatoa mstari mweupe mgongoni, unachubuka ukiugusa. Mama wa binti akazipokea akazitazama akasema tu "asante mwanangu". Basi. Sauti ile ninayo mpaka leo.

Kilichonichanganya ni kwamba kadi ndogo nilizotengeneza kwa manila ile ile zilikunjika vizuri kabisa. Nikadhani bahati, kumbe nyuzi za zile A4 zilikuwa zinakwenda kwa urefu, ukiikunja nzima unazikatisha, ila ukiikata nusu kwanza alafu ukakunja ile nusu, mkunjo unakwenda sambamba nazo. Kwahiyo kadi ndogo kateni kwenye A4, na mkitaka kubwa nunueni lile shiti kubwa la manila, mlipinde kama tulivyofanya sasa hivi, ndo mkate.

Na mkunjo msiukunje kwa mkono tu. Chukua biro iliyoisha wino, weka rula, pitisha mstari mara mbili kwa nguvu ya wastani, karatasi inajikunja yenyewe hapo hapo.

Haya, maboksi. Mi nilianza kuyafanya baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku hapa Tanzania, Juni 2019, watu wakawa wanataka kitu kizuri cha kuwekea zawadi. Boksi lenyewe halina ugumu: mraba wa sentimita 20, chora mstari sentimita 5 kutoka kila ukingo, kata kidogo kwenye kona kupata masikio ya kugundisha, unapata kitako cha 10 kwa 10, kimo 5. Kazi iko kwenye mfuniko. Wengi wanaukata kitako kile kile cha 10 alafu wanalazimisha mpaka kona zinachanika, sababu manila ina unene, na pale masikio yanapolala karatasi ni mbili, gundi juu yake. Ongeza milimita 3. Mfuniko wa kimo cha sentimita 3 basi kata mraba wa 16.3, utashuka polepole wenyewe kama unavuta pumzi, na mtu akishika boksi la hivo anajua kuna mtu alikaa akalifikiria.

Gundi nyeupe paka nyembamba, sambaza na kipande cha kadi. Ikizidi maji karatasi inavimba inajikunja.

Kwa wale mnaotaka kupamba na maganda ya mgomba, yale makavu ya nje ya shina, ambayo mimi nayapenda kuliko pambo lolote la dukani maana kila ganda lina rangi zake, kahawia mpaka karibu nyeusi, naomba sana yakausheni kweli kweli kabla ya kubandika. Huku pwani hewa ina unyevu, ganda bichi kidogo tu linaota ukungu ndani ya bahasha na mteja ndo analifungulia mbele ya wageni. Yapigeni pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa, yanakuwa bapa.

Sasa chukueni rula na biro. Dada wa kitenge cha njano, hebu geuza manila yako, hapo unataka kukatisha nyuzi.