Badilisha Umbali

Vijana wangu, wengi mliokaa hapa mnarudia mtihani wa kidato cha nne. Nami niliurudia. Siku matokeo yalipobandikwa nilipitisha kidole kwenye karatasi mara tatu, nikidhani nimeruka mstari. Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili nisipite dukani, maana pale wangeniuliza. Kwa hiyo sitawaambia kwamba kufeli hakuumi.

Leo nataka tumtazame mwanariadha wa Kenya, Eliud Kipchoge, yule wa mwaka 2012. Alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 Paris mwaka 2003, ana miaka 18 tu. Akapata medali ya shaba ya Olimpiki Athens 2004, ya fedha Beijing 2008. Ukaja mchujo wa Kenya wa kwenda Olimpiki ya London, akakosa timu. Miaka 27, nje.

Alifanya nini? Hapa ndipo panaponigusa. Kocha alibaki yuleyule, Patrick Sang. Mazoezi ya alfajiri yalibaki, na daftari lake la kuandika mazoezi kwa mkono. Alichobadilisha ni umbali. Septemba mwaka huohuo alikuwa barabarani Lille, Ufaransa, akimaliza nusu marathoni, kilomita 21, kwa dakika 59 na sekunde 25. Aprili 2013 alikimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda.

Sisi tukifeli, ama tunatupa kila kitu, ama tunarudia vilevile. Mimi nilikariri maswali yaleyale ya Hisabati, nikafeli tena! Ndipo mwalimu mmoja akaniambia: acha kukariri, mfundishe mdogo wako. Tulichora pembetatu kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko hadi mama akachoka kutugombeza. Yule mtoto aliuliza "kwa nini?" kila hatua, na mara nyingi sikuwa na jibu. Nikajua nilipokuwa naangukia.

Wala msidhani baada ya Hamburg njia ilinyooka. Berlin 2013 Kipchoge alishindwa na Wilson Kipsang, aliyevunja rekodi ya dunia siku hiyo. Monza, Italia, 2017 alitaka kumaliza marathoni chini ya saa mbili, akamaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Akarudi kambini Kaptagat, alikokuwa akisafisha vyoo kwa zamu kama wenzake. Oktoba 2019, Vienna: saa 1, dakika 59, sekunde 40.

Sasa fungueni madaftari. Kila mtu aandike somo moja lililomwangusha, na chini yake aandike alivyokuwa akilisoma. Nitapita nione.