Mdhamini wa Muuza Pombe: Kesi za Ohio, Nebraska na Texas

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, na ninyi wanafunzi mliobanana kule nyuma ilhali viti vya mbele vitupu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie leseni za vileo. Nitachukua kipande kimoja tu ambacho vitabu vingi hukipita mbio: dhamana. Kabla hujafungua baa, sheria za zamani ninazozizungumzia zilikutaka ulete watu wenye mali watie saini kwamba ukivunja masharti, wao watalipa pamoja nawe. Dhamana ya mshtakiwa mnaijua. Mmewaona ndugu wakihangaika kwenye korido za mahakama kumtafuta mwenye hati ya nyumba. Sasa mfikirieni mtu huyo huyo akitafutwa ili bia iuzwe. Marekani ya karne ya 19 ilijaa kesi za namna hiyo. Dola ndizo zilizotajwa kwenye hati, lakini kilichogombewa hasa ni nani mwenye mamlaka ya kumwambia mtu, "Wewe hutauza."

Tuanze Ohio, maana huko ndiko kwenye utamu. Katiba ya jimbo hilo ya 1851 ilikuwa na kifungu kilichopigiwa kura peke yake, mbali na katiba yenyewe: leseni ya biashara ya vileo haitatolewa tena katika jimbo, ila Bunge laweza kutunga sheria za kuzuia maovu yatokanayo na biashara hiyo. Wengi wa waliokipigania walikuwa wapinga pombe. Hawakutaka serikali ibariki dhambi kwa muhuri wake, kisha ivune ada. Nia yao sina ugomvi nayo. Lakini kisomeni kwa jicho la wakili wa mwenye baa. Kama leseni hazitolewi, hakuna wa kunyimwa leseni! Silaha ya wapinga pombe ikawa ngao ya wauza pombe.

Mwaka 1882 Bunge la jimbo likajaribu kuzunguka nyuma ya nyumba. Sheria iliyojulikana kwa jina la Pond ikamtaka kila muuzaji alipe kodi ya mwaka na atoe hati ya dhamana yenye wadhamini. Ukiuza bila dhamana, ni kosa la jinai. Leseni haikutajwa, ilikuwa kodi na dhamana tu. Mwaka huo huo shauri likafika Mahakama ya Juu ya Ohio, Jimbo dhidi ya Hipp, na majaji walio wengi wakaibatilisha. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kuikwepa: sheria inayomkataza kila mtu kufanya jambo mpaka kwanza atimize sharti fulani, imeanzisha leseni, hata kama imeipa jina jingine.

Hapa naomba tutulie kidogo. Chukueni mtu mwenye pesa ya kodi mkononi, asiye na rekodi mbaya popote, lakini hana rafiki mwenye kiwanja anayekubali kuweka kiwanja hicho hatarini kwa ajili yake. Huyo hauzi. Nani aliyemkatalia? Si hakimu wala karani. Wamemkatalia majirani, kimyakimya, bila kutoa sababu, na uamuzi wao haukatiwi rufaa. Wapo watakaosema majaji walicheza na maneno. Mimi nasema waliona vizuri kabisa.

Na kuna jambo ambalo hukumu haikuhitaji kuligusa. Katika miji kama Chicago, asiye na mdhamini wala ada alikwenda kwa mwenye kiwanda cha bia. Kiwanda kilimlipia leseni, kikamtafutia wadhamini, kikamnunulia hata kaunta na vioo vya ukutani. Naye alilipa kwa kuuza bia ya kiwanda hicho peke yake. Dhamana iliyokusudiwa kumtia adabu muuzaji ikamfanya kibarua wa mtengenezaji.

Turudi Ohio. Mwaka 1883 ikaja sheria ya Scott. Safari hii dhamana ya watu iliondolewa, likawekwa deni la kodi juu ya jengo lenyewe. Kama muuzaji ni mpangaji, mwenye nyumba aridhie kwa maandishi, la sivyo kuuza ni kosa. Mahakama kwanza ikaipitisha. Lakini majaji wa Ohio huchaguliwa kwa kura, na uchaguzi wa 1883 ukakipa chama cha Demokrati ushindi pamoja na ugavana wa George Hoadly. Mwaka 1884, katika Butzman dhidi ya Whitbeck, mahakama ikageuka: ridhaa ya mwenye nyumba ni leseni nyingine tena, kafichwa tu mtoaji wake. Dawa ilipatikana 1886 kwa sheria ya Dow, iliyotoza kodi bila kuitanguliza ruhusa ya mtu yeyote. Hiyo ikasimama. Leseni zenyewe ziliruhusiwa baada ya katiba kurekebishwa mwaka 1912.

Nebraska hawakuwa na kizuizi hicho cha katiba, kwa hiyo ugomvi ulikuwa wa sura nyingine. Sheria ya Slocumb ya 1881 ilidai dhamana ya dola 5,000, na ada isiyopungua dola 500, au 1,000 katika miji mikubwa. Muuzaji aliahidi kulipa hasara zote zitokanazo na biashara yake, pamoja na matunzo ya wajane na yatima. Mke aliruhusiwa kushtaki kwa jina lake mwenyewe. Utetezi wa kila siku ulikuwa huu: marehemu alipita baa tatu, yangu ni moja tu, mnajuaje ni glasi yangu iliyomuua? Sheria ilishalijibu: ilitosha kuthibitisha kwamba mshtakiwa alimuuzia kileo siku ile au karibu na wakati ule. Mdhamini aliyesaini kwa urafiki akajikuta bega kwa bega na muuzaji mbele ya mjane.

Texas nako dhamana ilikuwa dola 5,000, na muuzaji aliapa kuendesha nyumba iliyo wazi, tulivu na yenye utaratibu. Wazi maana yake pasiwe na pazia la kuwaziba walio ndani wasionekane kutoka mlangoni. Kijana wa chini ya miaka 21 hakutakiwa kuuziwa, wala kuingia na kukaa humo. Mzazi aliyekosewa alidai dola 500 kwa kila kosa, bila kuhesabu hasara yoyote. Mawakili wakabishana kukaa ni dakika ngapi, na kama mwenye baa aliyedhani kwa dhati kuwa kijana ni mtu mzima ana utetezi.

Nimemaliza. Tuanze na yule dada aliyeinua mkono tangu tulipofika kwa mwenye nyumba wa Ohio.