Tanzia Isiyotaja Saa: Kumkumbuka Mama Madeleine Albright

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Dada na kaka zangu, mnaonifahamu mnajua nimekuja na wimbo wangu uleule, kwa hiyo msianze kuguna mapema. Nimechoka na tanzia zetu. "Alikuwa mama mwenye upendo, mcha Mungu, mkarimu kwa wote." Ukizisoma utadhani marehemu wote walizaliwa tumbo moja! Aliamka saa ngapi huyo mama? Aliacha nini ili mtoto ale? Kimya.

Mfano wangu leo ni Madeleine Albright, aliyefariki tarehe 23 Machi 2022 akiwa na miaka 84. Uwaziri wake wa mambo ya nje wa Marekani mnaujua, siurudii. Mimi namtaka yule binti wa Praha, mji mkuu wa Chekoslovakia, Marie Jana Körbelová aliyezaliwa mwaka 1937, ambaye wazazi wake walikimbia naye London Wajerumani walipoingia, wakarudi kwao vita vilipoisha, kisha wakakimbia tena, safari hii hadi Marekani, wakomunisti waliposhika nchi mwaka 1948.

Mwaka 1961 alijifungua mapacha, Alice na Anne, wiki sita kabla ya wakati. Njiti. Akina mama hapa mnajua uzito wa neno hilo. Siku hizi mtoto anafungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, joto la mama linafanya kazi. Wakati ule njiti alikuwa wa mashine, na watoto wale walikaa hospitali muda mrefu. Sasa mama aliyejifungua wawili, na mikono yake mitupu, afanye nini? Akajiandikisha kusoma Kirusi katika Chuo cha Hofstra, New York. Ndiyo, Kirusi!

Nimemsikia mmoja kule nyuma: "Mama gani huyo, watoto wako hospitali, yeye yuko darasani?" Kila ninaposimulia kisa hiki, wewe au ndugu yako yupo ukumbini. Haya, nijibu: kukaa kitako na kulia kungewaongezea watoto gramu ngapi? Tena huyu ni mtoto wa Kicheki. Kwake Kirusi ni kama lugha ya nyumbani kwa shangazi: kuizungumza huwezi, lakini sikio linaitambua. Alijishikiza pale asianguke. Watoto wakatoka hospitali, wakakua. Kirusi nacho hakikupotea; kilikuja kumfaa sana kazini.

Akazaa wa tatu, Katherine, mwaka 1967. Halafu tasnifu ya udaktari, kuhusu magazeti ya Chekoslovakia katika vuguvugu la mageuzi la mwaka 1968 nchini humo. Aliiandika akiamka saa kumi na nusu alfajiri, nyumba imelala. Shahada akaipata Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1976, yule wa mwisho ana miaka tisa. Saa kumi na nusu! Niandikie hiyo kwenye tanzia, "mchapakazi" kaa nayo.

Najua linalofuata: "Na Rwanda je?" Sijasahau. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, alikuwa balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, serikali yake ikipinga kuongeza askari kule, na mwenyewe alikiri baadaye kwamba hilo ndilo lililomwuma kuliko yote. Kuna na jibu lake kuhusu watoto wa Iraki waliosemekana kufa kwa sababu ya vikwazo, kwamba gharama hiyo ilistahili, nalo alilijutia. Nimesema tumkumbuke, sikusema tumtakase. Hata walioko hapa waliomwona Dar es Salaam Agosti 1998, baada ya bomu la ubalozi wa Marekani, wana lao la kusema.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi. Talaka, zile pini zake za kifuani, Rais Havel wa Ucheki kutaka amrithi urais, yote naruka. Hili siliruki.

Alilelewa Mkatoliki. Mwaka 1997, akiwa na miaka 59, wazazi wote wameshafariki bila kumwambia kitu, ndipo alipojua kwamba ukoo wake ulikuwa wa Kiyahudi, na kwamba watatu kati ya babu na bibi zake wanne waliangamia mikononi mwa Wanazi. Akaenda Praha, katika Sinagogi la Pinkas, ambako majina ya waliouawa yameandikwa ukutani. Akawakuta babu na bibi yake, Arnošt na Olga. Na mwaka mmoja kabla alikuwa amesimama mbele ya kuta zilezile, akatazama, akaondoka, kwa kuwa hakujua kama ana jina la kutafuta.